Ng'ombe wetu walio katika boma la mbali

Asubuhi moja hivi karibuni nilikuwa nimeketi katika mkahawa mdogo hapa Namanga, hatua chache kutoka kituo cha mpakani, nikisubiri chai ipoe. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea Arusha, na mlima wa Ol Doinyo Orok ulikuwa bado umejifunika ukungu. Wabadilishaji fedha walikuwa wamekwisha anza kazi yao, kila mmoja na mabunda ya noti mkononi, ya Kenya na ya Tanzania, wakimwita kila mpita njia. Ndipo akaingia mzee mmoja jirani yangu, mfugaji wa siku nyingi ambaye huja mjini mara moja kwa juma. Nilimwamkia kwa "Sopa", naye akaitikia "Ipa", akavuta kiti.

"Mwalimu," alianza, kwani hata baada ya kustaafu watu wa hapa hawajaniondolea jina hilo, "wewe ndiye unayesoma magazeti. Jana usiku redio ilisema kwamba kuna nchi zinazoikopesha Marekani, na kwamba hata sisi tumo. Sasa nieleze vizuri. Kila siku naambiwa nchi hii imezama katika madeni. Tena naambiwa tunaidai Marekani. Sisi tunadai au tunadaiwa?"

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Mimi sikucheka, maana swali la mzee yule lilikuwa na uzito kuliko maswali mengi niliyoyasikia yakiulizwa na wasomi. Nilimjibu kadiri nilivyoweza, lakini niliporejea nyumbani nikaona kwamba jambo hili halifai kuishia mkahawani. Linamhusu kila mtu anayenunua unga, mafuta ya taa au dawa katika nchi hii.

Jibu fupi, ndugu msomaji, ni kwamba tunadai na kudaiwa kwa wakati mmoja. Na jibu refu ni hili lifuatalo.

Mkulima wa chai wa Kericho anapouza majani yake ng'ambo, mtalii anapokuja kutazama ndovu wa Amboseli, au kijana wetu aliye Marekani anapomtumia mama yake karo ya wadogo zake, fedha za kigeni huingia nchini. Sehemu ya fedha hizo, pamoja na dola ambazo serikali yenyewe hukopa, hununuliwa na Benki Kuu ya Kenya na kuwekwa iwe akiba ya taifa. Sheria ya Benki Kuu inaitaka benki hiyo ijitahidi kuwa na akiba isiyopungua thamani ya bidhaa tunazoagiza kwa miezi minne. Nayo Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika mkataba wa sarafu moja uliotiwa saini mjini Kampala mwaka 2013, iliweka kipimo cha miezi minne na nusu.

Wengi wetu hudhani kwamba akiba hiyo ni marundo ya noti za dola yaliyofungiwa chini ya ardhi jijini Nairobi. La hasha. Noti iliyofungiwa sandukuni haizai. Dhahabu nayo tunayo kidogo mno. Akiba ya nchi kama yetu huwekwa kwa sehemu kubwa ng'ambo, katika mabenki makubwa ya kigeni na katika hatifungani, yaani hati za deni ambazo serikali za nchi tajiri hutoa zinapokopa. Serikali ya Marekani ikitaka fedha, huuza ahadi yake: nipe dola 100 leo, nami nitakurudishia siku fulani pamoja na riba yako. Anayeinunua hati hiyo amekuwa mkopeshaji, awe tajiri wa Tokyo au Benki Kuu ya nchi maskini. Kwa hiyo redio ya mzee haikumdanganya.

Katika kundi hilo la wakopeshaji sisi ni sisimizi. Wakubwa wa kuikopesha Marekani ni Japani, Uingereza na China. China pekee ilikuwa na hati za takriban dola trilioni 1.3 mwaka 2013, kisha ikaanza kupunguza, na kufikia mwaka 2022 ikashuka chini ya trilioni moja. Akiba yote ya Kenya, ya kila aina na kila sarafu, ilivuka dola bilioni 10 mwaka 2025, na hicho kilikuwa kiwango cha kujivunia kwetu. Lakini udogo wa fungu haupunguzi uzito wake kwa mwenyewe. Kuku mmoja wa mjane ni mali kuliko ng'ombe mia wa tajiri.

Nilipomweleza hayo, mzee alitikisa kichwa. "Kwa hivyo maskini anamkopesha tajiri," alisema. "Hiyo ni akili gani, Mwalimu?"

"Mzee," nilimjibu, "je, ng'ombe wako wote wako katika boma lako?"

Aliniangalia kwa muda, akatabasamu. Alikwisha jua ninakoelekea. Wamaasai wa Kajiado, kama ndugu zao wa upande wa pili wa mpaka, wana desturi ya zamani ya kupeana mifugo. Mtu humkabidhi rafiki yake anayeishi mbali ng'ombe wachache awachunge. Rafiki hunywa maziwa yao, lakini ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Waliopeana ng'ombe hata huacha kuitana kwa majina yao na kuitana "pakiteng'". Sababu ya desturi hiyo si ukarimu peke yake. Mvua inaweza kukosa kunyesha Bissil na ikanyesha mahali pengine. Ugonjwa unaweza kulifagia zizi moja na kuliacha jingine. Mwenye ng'ombe katika boma la mbali, hata akipatwa na maafa nyumbani, ana pa kuanzia upya. Katika ukame wa mwaka 2009, na ule wa tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2023, mizoga ilitapakaa katika nyanda hizi za Kajiado, na wengi walioweza kusimama tena upesi walikuwa wale wenye ng'ombe kwingine.

Akiba ya taifa ni ng'ombe wa boma la mbali. Haiwekwi Marekani au Uingereza kwa sababu tunawahurumia wenyeji wa huko. Inawekwa huko kwa sababu siku ya ukame wetu, mvua ikikosekana na mahindi yakaagizwa kutoka nje, au bei ya mafuta ikipanda duniani, shilingi yetu haitapokewa na mwuzaji wa mafuta. Tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, petroli na dizeli yetu yote huja ikiwa imekwisha safishwa, nayo hulipiwa kwa dola. Hati ya Marekani inaweza kuuzwa leo na dola zikapatikana papo hapo. Ndiyo sababu mwenye kuishika hukubali riba ndogo, kama vile mfugaji anavyokubali rafiki yake anywe maziwa. Maziwa hayo ndiyo malipo ya usalama.

Mpaka hapo hakuna la kulalamikia. Lakini desturi njema inaweza kutumiwa vibaya, na historia yetu inatufunza hivyo.

Wazee wetu hawakuulizwa walipoanza kuikopesha Uingereza. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na bodi hiyo ikakaa London. Shilingi iliyotumika Namanga wakati wa wazazi wangu, nayo ilikuwa moja tu pande zote mbili za mpaka, na tangu 1936 ikatumika hata Unguja na Pemba, ilitolewa na bodi hiyo. Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Ili shilingi itolewe huku, pauni zilipaswa kuwekwa kule, na pauni hizo zikanunua hati za serikali ya Uingereza na za makoloni mengine. Kwa hiyo kila noti iliyokunjwa katika kibindo cha mama sokoni ilikuwa stakabadhi ya fedha zilizokopeshwa London. Nchi iliyokuwa haina barabara wala shule za kutosha ilikuwa ikikopesha nchi yenye reli chini ya ardhi. Ni mwaka 1955 tu ndipo bodi iliporuhusiwa kushika sehemu ndogo ya hati za serikali za Afrika Mashariki yenyewe, na ni mwaka 1960 ndipo ilipohamishia makao yake Nairobi.

Mwaka 1966 Tanzania, Uganda na Kenya zilianzisha Benki Kuu zao, kila moja na shilingi yake, na tangu hapo wabadilishaji fedha wa Namanga wakapata kazi. Hata hivyo, akiba yetu iliendelea kutegemea pauni. Tarehe 18 Novemba 1967 serikali ya Uingereza ilipunguza thamani ya pauni kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Nchi zetu tatu zilikataa kuifuata. Shilingi ikasimama pale pale ilipokuwa, na pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Uamuzi ule ulikuwa wa kishujaa, lakini angalia matokeo yake katika daftari la hesabu: kila pauni tuliyokuwa tumeikopesha London ilipoteza sehemu moja katika saba ya thamani yake kwa shilingi zetu, usiku mmoja, na hakuna aliyekuja Nairobi kutuomba radhi. Ng'ombe hawakufa. Walikonda tu wakiwa katika boma la mwenyewe aliyeahidi kuwachunga.

Somo la kwanza, basi, ni kwamba hakuna boma lisilo na hatari, na si busara kuwaweka ng'ombe wote kwa rafiki mmoja.

Somo la pili tulilipata kwa kukosa akiba. Nakumbuka miaka ya mwanzo ya tisini, nilipokuwa mwalimu kijana. Nilitaka kulipia kozi ya masomo kwa njia ya posta kutoka ng'ambo, kiasi kidogo tu. Nikajaza fomu, nikaambiwa nirudi juma lijalo. Nikarudi, nikaambiwa fomu haikuonekana. Nikajaza nyingine. Mwishowe karani mmoja, kwa wema wake, akaninong'oneza nisijisumbue, kwani dola hazikuwapo na zilizokuwapo zilikuwa na wenyewe. Sikuelewa maana ya maneno yale hadi miaka ya baadaye, tume ya uchunguzi ilipokuwa ikisikiliza ushahidi wa kashfa ya Goldenberg na nchi ikasikia jinsi fedha za umma zilivyolipwa kwa dhahabu na almasi zisizouzwa popote. Mwishoni mwa 1992 dola moja ilikuwa takriban shilingi 36. Mwishoni mwa 1993 ilikuwa shilingi 68. Mshahara wangu ulikuwa ule ule. Anayesema akiba ya taifa ni jambo la mabwana wakubwa hakuwa akinunua sukari mwaka ule.

Hivyo basi siko miongoni mwa wanaodai kwamba akiba yote irejeshwe nyumbani ijengewe barabara. Ng'ombe wa ukame hachinjwi kwa ajili ya harusi. Malalamiko yangu ni mengine, nayo yanahusu mahali tunapowatoa hao ng'ombe tunaowapeleka mbali.

Mwezi wa Juni 2014 Kenya ilikopa kwa mara ya kwanza katika soko la kimataifa la hatifungani, ikachukua dola bilioni 2, na mwezi wa Desemba ikaongeza milioni 750. Sehemu kubwa ya deni hilo ilikuwa ya miaka kumi kwa riba ya asilimia 6.875. Serikali inapokopa dola ili itumie shilingi, dola hizo huuziwa Benki Kuu, na Benki Kuu huziongeza katika akiba. Nao waziri wa fedha na gavana hutangaza kwa furaha kwamba akiba imenona.

Sasa chukua kalamu, msomaji, tufanye hesabu ya darasa la saba. Tuseme dola milioni 100 za mkopo wa namna hiyo zimelazwa katika hati za muda mfupi za serikali ya Marekani. Mwaka ule wa 2014 hati hizo zilileta chini ya robo ya dola kwa kila dola 100 kwa mwaka. Kwa hiyo fungu letu la milioni 100 lingetuletea chini ya dola robo milioni, ilhali sisi wenyewe tungewalipa waliotukopesha dola milioni 6 na laki 8 na 75 elfu. Tofauti ni zaidi ya dola milioni 6 na laki 6, kila mwaka, kwa kila milioni 100. Ni kama mtu anayekodi ng'ombe kwa jirani mchoyo anayetaka ndama kila mwaka, kisha anampeleka ng'ombe huyo huyo kwa rafiki wa mbali anayekunywa maziwa yote na kumrudishia kikombe kimoja. Akirudi nyumbani anajisifu mbele ya watoto: tazameni jinsi mifugo yangu ilivyoongezeka!

Najua watakaonijibu. Watasema kwamba dola hazina alama, kwamba ya mkopo na ya chai huchanganyika, na kwamba akiba nono huwapa wakopeshaji imani wakatutoza riba nafuu. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Watasema pia kwamba mambo yamebadilika, na hilo nalo ni kweli. Marekani ilipopandisha riba kuanzia mwaka 2022, hati zake za muda mfupi zilifika zaidi ya asilimia 5 mwaka 2023, na mkopeshaji akapata kitu cha maana, ingawa hati za zamani zenye riba ndogo zilishuka bei sokoni. Lakini pepo hizo hizo zilizotupandishia mapato zilitupandishia na deni. Februari 2024, ili kupata fedha za kununua sehemu ya lile deni la 2014 lililokuwa likiiva mwezi wa Juni, Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75. Pengo kati ya tunacholipa na tunacholipwa halikuzibika. Na anayeliziba ni mlipa kodi. Mwezi huo huo wa Juni 2024 deni lilipoiva, vijana wa nchi hii walikuwa barabarani wakiupinga Mswada wa Fedha, na wako waliopoteza maisha. Sidai kwamba walikufa kwa sababu ya hesabu ya hatifungani. Nadai tu kwamba kodi waliyoikataa na riba tunayowalipa wageni zimo katika daftari moja.

Sisi wa Namanga tuliziona siku hizo kwa macho. Mwaka 2023 dola ziliadimika, akiba ikashuka chini ya kile kipimo cha miezi minne, na serikali ikalazimika kupanga na makampuni ya Ghuba ili mafuta yaje kwa mkopo wa miezi sita. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160. Hapa mpakani shilingi moja ya Kenya, ambayo tumezoea kuiona ikitembea kwa majivuno mbele ya ndugu yake, haikufika hata shilingi 16 za Tanzania. Mama mmoja ninayemfahamu, anayenunua mchele na vitunguu upande wa pili na kuviuza Kitengela, aliniambia kwamba alikuwa akivuka na fedha zile zile na kurudi na gunia pungufu. "Mwalimu, sijala hasara, sijaibiwa, sijakopesha mtu," alisema, "lakini mtaji unayeyuka kama mafuta juani." Mara tu ilipojulikana Februari kwamba deni la Juni litalipika, shilingi iliinuka. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu shilingi 130, na shilingi yetu ikarudi kuleta takriban 20 za Tanzania. Hakuna mvua iliyonyesha katikati. Hakuna chai mpya iliyochumwa. Kilichobadilika ni imani ya watu juu ya uwezo wetu wa kulipa, na yule mama wa vitunguu, asiyejua hatifungani ni nini, ndiye aliyebeba gharama ya shaka hiyo kwa miezi mingi.

Liko pia jambo la tatu, ambalo wakubwa wa dunia wamekuwa wakilinong'ona tangu mwaka 2022. Rafiki wa mbali anaweza kukataa kuwarudisha ng'ombe. Agosti 2021, Wataliban walipoingia Kabul, Marekani ilizuia takriban dola bilioni 7 za Benki Kuu ya Afghanistan zilizokuwa New York. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi za Magharibi zilizuia akiba yake ya takriban dola bilioni 300. Sitetei vita wala watawala wa nchi hizo. Nasema tu kwamba tangu siku hizo kila Benki Kuu duniani imejua kuwa ng'ombe waliowekwa ugenini ni wako maadamu mwenye boma anakubali ni wako. Ndiyo sababu moja iliyozifanya nyingi zianze kununua dhahabu. Jirani zetu hapa, ambao bendera yao naiona nikiwa barazani pangu, wamekwisha anza: Benki Kuu ya Tanzania inanunua dhahabu inayochimbwa nchini humo. Uganda nayo imetangaza mpango kama huo. Sisi hatuna migodi ya kiasi chao, lakini tunayo haki ya kuuliza ng'ombe wetu wako katika maboma mangapi, na ya nani.

Na hapo ndipo ilipo haja yangu hasa. Kila juma Benki Kuu hutangaza jumla ya akiba na idadi ya miezi ya uagizaji inayotoshelezwa. Hilo ni jambo jema, na halikuwapo katika miaka yangu ya kujaza fomu zinazopotea. Lakini jumla ni kama mfugaji anayesema "nina ng'ombe mia" na kunyamaza. Mia wa nani? Wangapi ni wako na wangapi ni wa kukodi? Wangapi wanakamwa? Habari nyingine zimo katika hesabu za kila mwaka, zilizoandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, ambazo hata mimi mwalimu mstaafu huzisoma kwa miwani na kamusi. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na katika kifungu cha 35 kwamba kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi ombi langu si la kupindua nchi.

Ninaomba kwanza kwamba mara moja kwa mwaka, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu, tuambiwe akiba yetu imewekwa katika sarafu zipi na katika hati za serikali zipi, imetuletea kiasi gani mwaka huo, na katika mwaka huo huo tumelipa riba kiasi gani kwa madeni yetu ya nje. Safu mbili tu katika ukurasa mmoja. Mtoto wa darasa la saba ataweza kutoa moja kutoka nyingine.

Pili, ninawaomba wabunge wetu, wa Kajiado wakiwa mbele, waulize kila mara akiba inapotangazwa kuwa imepanda: imepanda kwa nini? Ikiwa imepanda kwa chai, maua, parachichi, nyama, watalii na jasho la ndugu zetu walio ng'ambo, ambao mwaka 2024 pekee walituma karibu dola bilioni 5, tupige makofi. Ikiwa imepanda kwa sababu tumekopa mahali kwa asilimia tisa na kuweka mahali pengine kwa nne, tusipige.

Tatu, wanaosimamia akiba hiyo wasisahau mwaka 1967. Maboma yawe mengi.

Nilimpelekea mzee majibu haya siku chache baadaye, nikamsomea hesabu zangu chini ya mgunga ulio nje ya boma lake. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuliweza kamwe. Kisha akaniambia kwamba yeye hana ugomvi na kuweka ng'ombe mbali, maana baba yake aliweka na babu yake aliweka. Akanyoosha fimbo yake kuelekea kusini, upande wa Longido, ambako ana ng'ombe wanne kwa rafiki yake. Kila mwaka baada ya mvua za masika huvuka kwenda kuwaona. Hutazama mbavu zao, huhesabu ndama, humshukuru mchungaji wake na kurudi.

"Sasa wewe, Mwalimu," alisema, "niambie jambo moja tu. Hao wetu walioko Marekani, ni nani huenda kuwahesabu?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimeliandika swali lake hapa kama alivyolisema, wapate kulisoma wale ambao ni kazi yao kulijibu.